Kumbukumbu ya mradi wangu: kuchagua kompaila ya hesabu za joto

Programu yangu ya C inayokokotoa jinsi joto linavyosambaa ndani ya mchemraba sasa inatoa majibu ninayoyaamini, kwa hiyo nimegeukia kasi. Nimeijenga kwa kompaila tatu (programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine): GCC, Clang na icx ya Intel, mashine ileile ya Linux, swichi zilezile: -O3 (boresha kasi kwa nguvu) na -march=native (tumia uwezo wote wa prosesa hii). Icc, kompaila ya zamani ya Intel, nimeiacha kando, maana Intel iliiondoa kwenye oneAPI, mkusanyiko wake wa zana, kuanzia matoleo ya 2024, na icx iliyoirithi imejengwa juu ya LLVM (msingi wa pamoja wa kujengea kompaila) kama Clang.

Icx iliziacha nyingine mbali kwa kasi. Ila tarakimu za mwisho za majibu yake hazikulingana na za GCC, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Chanzo ni kitanzi hiki (msimbo unaorudiwa), kinachojumlisha miraba ya namba za safu r:

for (i = 0; i < n; i++) s += r[i] * r[i];

Kwa namba za desimali za biti 64, mpangilio wa kujumlisha hubadilisha jibu. Chukua 1e16, ongeza 1, kisha ongeza 1 tena: unabaki na 1e16 vilevile, kwa sababu kila 1 inapotea kwenye kukadiria. Anza na 1 + 1, ndipo uongeze 1e16, na ile 2 inaonekana. GCC na Clang huheshimu mpangilio ulioandika, hata kama ni kwa gharama ya kasi. Icx, kwa chaguo-msingi lake, hutumia -fp-model=fast na kujiruhusu kupanga upya, hivyo inajumlisha namba 4 kwa mpigo kwenye AVX2 (maagizo ya prosesa yanayoshughulikia namba kadhaa pamoja). Nilipoipa -fp-model=precise, pengo la kasi karibu lote likayeyuka.

Wengi hapa hukimbilia -ffast-math, swichi inayolegeza kanuni za hesabu za desimali ili kupata kasi. Mimi siitaki kwenye mradi huu. Swichi hiyo huiambia kompaila kwamba NaN (jibu lisilo namba halali) haitatokea kamwe, hivyo ina ruhusa ya kufuta ukaguzi wangu wa isnan, ambao ndio unaosimamisha hesabu zikilipuka. Badala yake nimeweka mstari mmoja juu ya kitanzi:

#pragma omp simd reduction(+:s)

pamoja na swichi -fopenmp-simd inayouwasha. Ruhusa ya kupanga upya inaishia kwenye kitanzi hicho tu, na GCC na Clang zote zinauelewa mstari huo.

Kitanzi kikuu cha joto hakina mengi: kompaila zote zinakaribiana, kwa kuwa prosesa inasubiri data itoke kwenye kumbukumbu. Kuongeza restrict (ahadi kwamba safu haziingiliani) kwenye vielekezi, yaani anwani za safu, kumeondoa ukaguzi wa kama safu zinaingiliana, basi.

Nabaki na GCC kwa kazi za kila siku, nikitegemea -fopt-info-vec-missed inayotaja mstari ulioshindikana kukokotolewa namba kadhaa kwa mpigo, na sababu yake. Clang inajenga nakala ya pili ya kulinganisha majibu. Kinachofuata ni kuikata gridi vipande vinavyotoshea kwenye kashe, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa.