Siku moja ya bibi shamba, Kilwa

Saa 11 alfajiri. Muhogo wa kuchemsha, chai ya rangi, bodaboda anapiga honi nje. Novemba ni mwezi wa kuandaa mashamba.

Saa 1 asubuhi. Tunapita kando ya pori ambalo zamani lilikuwa shamba la mibono, ile mibono kaburi inayoitwa pia jatropha. Miaka ya 2000 kampuni za kigeni zilikuja Kilwa kutafuta ardhi ya mibono, zikamue mafuta ya mbegu zake yatengenezwe dizeli. Nikipita hapa moyo unaniuma. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, yaani iliyo chini ya serikali, ndipo mgeni apewe. Mwekezaji akifilisika, hairudi yenyewe kijijini. Imeshatoka.

Saa 3. Mama mmoja ameshawishiwa ang'oe muhogo ekari moja apande mibono.

“Bibi shamba, wanasema mbono hauogopi jua.”

“Kweli mama, haufi. Lakini kwenye ardhi iliyochoka utakuzalia kidogo mno, tena baada ya kuungoja miaka. Muhogo ukikosa mnunuzi utaanika makopa, wajukuu watakula. Mbegu za mbono zina sumu. Hata mashudu yake humpi mbuzi.”

Tukauzunguka mpaka wa shamba. Nikamwambia mbono aupande pale pale, uwe wigo kama walivyofanya wazee. Mbuzi hawaugusi, na mbegu atakazookota auze. Muhogo ubaki katikati. Alicheka, akasema hata mama yake alikuwa na wigo wa hivyo.

Saa 6 mchana. Mikoroshoni. Korosho zimeokotwa, mabibo yanaoza chini. Wachache tu ndio wanaanika kochoko, yaani mabibo makavu. Wataalamu wa nishati ningewaleta hapa. Sukari ya bibo ikichachuka inatoa ethanoli, spiriti ya kuwasha kama mafuta, bila kugusa shamba la chakula la mtu. Ugumu ni kwamba bibo huharibika ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo mtambo uwe karibu na wakulima, si mjini.

Saa 9 alasiri. Mkutano wa kijiji: wawekezaji wapya wanaomba ardhi. Niliomba jambo moja, mashamba ya chakula yapimwe na kutengwa kwanza, ndipo tuzungumze kinachobaki. Mzee mmoja akanyanyuka.

“Mwanangu, hawa nao wakiondoka, ardhi tutarudishiwa na nani?”

Mwenyekiti alimwagiza mtendaji aliandike swali hilo kwenye muhtasari, neno kwa neno. Mkutano ukaahirishwa mpaka lijibiwe.