Siku moja, kurasa mbili

Saa 11 alfajiri. Naifungua skripti kabla sijanawa uso. Leo tunarekodi sini, yaani onyesho moja, ya komedi niliyoiandika na ninayoiongoza. Ni kurasa mbili, ambazo kwa hesabu ya kazi yetu ni kama dakika mbili kwenye skrini. Naisoma kwa sauti. Kuna neno la kuchekesha limekaa katikati ya sentensi, na maneno yanayolifuata yanalizika. Nalihamishia mwisho.

Saa 1 asubuhi. Tuko seti, mafundi wanafunga taa. Mpiga picha anauliza kama tumsogelee mama anayepokea barua. Namwomba arudi nyuma, tumwone mama, mumewe na mlango kwa pamoja. Mtazamaji akiona mume anavyounyemelea mlango, ataanza kucheka mapema.

Saa 3, mazoezi. Mwigizaji wangu mkuu anasimama katikati ya sini. "Mwongozaji, huyu mama hawezi kusema hivi. Angenyamaza tu."

Sentensi yenyewe ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Tunajaribu bila hiyo. Anamtazama mumewe kwa sekunde tatu, kisha anaikunja barua taratibu sana. Mshika maikrofoni anauma midomo asicheke. Naichukua kalamu na kuifuta ile sentensi.

Preston Sturges, mwandishi wa filamu wa Marekani, aliiuzia studio ya Paramount skripti yake kwa dola 10 tu ili aruhusiwe kuiongoza mwenyewe. Filamu ikatoka 1940. Zamani niliamini mwandishi hutaka kiti cha mwongozaji ili ayalinde maneno yake. Sasa naona faida kubwa zaidi: anayejua kila neno lilitafuta nini ndiye anayejua lini halihitajiki tena.

Saa 5 hadi saa 10 tunarudia na kurudia. Kijana anayecheza mume anaongeza mikogo ili achekeshe. Namvuta pembeni: "Mdogo wangu, huyu bwana hajui kama yumo kwenye komedi. Kwake hii barua ni msiba." Mara ya saba anatetemeka kweli, na sini inakaa sawa.

Saa 1 usiku, kwa mhariri. Anapunguza fremu 6, yaani picha sita tuli za filamu, kwenye kile kimya cha mama, robo tu ya sekunde. Tunaitazama. Kicheko kimepotea, mama anaonekana amekasirika tu. Anazirudisha fremu zote 6, tunaitazama tena, na safari hii mhariri mwenyewe anacheka.