Krismasi ya kilo nne

Ndugu zangu, mzee wangu, baba watoto, kazi yake iliisha mwezi wa nane. Kiwanda kilipunguza watu, na tangu hapo anabeba mizigo ya siku, leo ipo kesho haipo, mimi nauza mukene, dagaa wa ziwani wa Masese, hapa mlangoni Walukuba, Jinja, Uganda. Sasa Disemba ikaingia, ripoti za watoto zikaja na karatasi ya ada ya muhula wa kwanza imekunjwa ndani, halafu nauli ya kwenda Tororo kwa wakwe ikaruka kutoka elfu 20 hadi 40, na sisi tuko watano, piga hesabu mwenyewe, hapo ni kwenda tu kurudi bado.

Wiki mbili nilikuwa nawaficha watoto, wakiuliza tunasafiri lini nasema tutaona. Mwishowe usiku mmoja tukawaita wote kwenye mkeka tukamwaga pale pesa yote ya nyumba, noti na sarafu, tukawaambia hesabuni. Binti mkubwa akahesabu mara mbili. Akaanza kuzitenga mwenyewe, hii ya ada, hii ya kodi, hii ya unga wa posho na maharage, zikabaki noti chache tu akaziangalia weee, halafu akasema basi nguo mpya tuache, ila huyu mdogo anunuliwe viatu maana vidole viko nje. Ana miaka 12. Baba yao alisimama akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Krismasi ya 2020 pia tulikaa hapa hapa, mnakumbuka kafyu ya korona, saa tatu usiku kila mtu ndani, na shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, isipokuwa madarasa ya mitihani yaliyorudi Oktoba. Lakini ile haikuuma hivi kwa sababu kila mtu alikuwa amekwama. Mwaka huu jirani anafunga mabegi unamsikia ukutani, na wewe unajua huendi. Hiyo ndiyo inachoma kuliko njaa yenyewe.

Nyama tulipata, asante Mungu. Kuna kikundi chetu cha kuchangia ng'ombe wa Krismasi, kila Jumapili elfu 2, tulianza Februari tukaacha mwisho wa Julai tukiwa na 52,000, na mimi nilidhani imepotea maana kuna vikundi ukiacha njiani hawakupi kitu. Tarehe 24 asubuhi mwenyekiti akatuma mtoto aniite. Nikaenda pale chini ya mwembe, mafungu yamepangwa juu ya majani ya ndizi, ng'ombe amechinjwa alfajiri na nyama bado ina joto, mama anayeshika daftari akasoma jina langu kwa sauti ile ile aliyosomea ya wengine, akapima kilo nne na mifupa yake akaongeza kipande cha ini. Hakuuliza kitu. Yule mama sitamsahau. Nusu tukapika pilau ya Krismasi, nusu nikaikausha juu ya moto, ikatusukuma mpaka mwaka mpya.

Simu ya mama mkwe ndiyo nilikuwa naiogopa. Mzee alishindwa kuongea akanipa mimi. Nikamwambia mama, mwaka huu hatuna, hatuwezi kuja mikono mitupu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, kwani mimi nilikuwa nangoja mikono? Mimi nangoja watoto. Njooni Januari."

Na kweli, ambao hawajajaribu wajaribu, sikukuu ikipita magari yanaenda huko nusu matupu kuwafuata watu wanaorudi mjini, nauli inashuka, unapata mpaka kiti cha dirishani. Kurudi tutangoja ule msukumano uishe, mradi tufike kabla shule hazijafunguliwa.

Tunaondoka tarehe 8. Nauli iko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, na hapo pembeni nimeweka sukari kilo moja na vipande viwili vya sabuni vya mama. Mdogo kila asubuhi anavaa vile viatu, anatembea ndani ya nyumba, halafu anavivua anavirudisha kwenye boksi.