Kambale Naye Kafa

Simu ya mwenyekiti wa kijiji ilitukuta mjini Dodoma tukinywa chai. Alisema maneno machache: samaki wa lambo wamekufa wote, mgambo wamemshika kijana mmoja kwa kuwatilia utupa, ule mmea wa sumu, njooni haraka kabla watu hawajamalizana naye.

Ilikuwa Desemba 2017, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Mimi nilikuwa mwanafunzi, kazi yangu kubeba wavu na kuandika namba. Aliyepigiwa simu ni Dokta, mama wa makamo aliyekuwa akichunguza jinsi dawa za mashambani zinavyoingia kwenye makorongo na kuwafanya nini viumbe wa majini. Lambo lile lilikuwa mojawapo ya vituo vyetu, ndiyo maana mwenyekiti alikuwa na namba yake. Hakumaliza chai. Aliniuliza tu kama pombe ya kuhifadhia vidudu ipo ya kutosha.

Asiyeijua Dodoma anaposikia tulikuwa tunachunguza mito, hucheka. Mvua yenyewe ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Hata Kinyasungwe, ambao maji yake huishia mto Wami na hatimaye Bahari ya Hindi, miezi mingi unauvuka na viatu vyako vikiwa vikavu. Ukiuliza mto uko wapi unaonyeshwa mchanga. Lakini chini ya mchanga maji yapo, na kandokando ya makorongo hayo watu walikuwa wakifungua bustani mpya kila msimu, hasa tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma. Mji unataka nyanya.

Tulipofika, ukingo wa lambo ulikuwa umejaa watu. Wengine walikuwa na ndoo, wanaokota. Dokta alimwamkia mzee mmoja kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akapanda juu ya tuta na kuomba kwa sauti kwamba asile mtu samaki yule mpaka tujue kilichomuua. Kina mama wawili wakamwaga ndoo zao. Mmoja akaiangalia yake, akaifunika na kanga, akaondoka nayo.

Samaki walikuwa perege, wengi wao wadogo. Katikati yao nilimwona kambale, halafu mwingine, mrefu kama mkono wangu. Dokta alichuchumaa hapo muda mrefu kuliko alivyokaa kwa perege wote.

"Kambale naye kafa," alisema.

Nilielewa baadaye kidogo kwa nini ilimshughulisha. Mvua ya kwanza ikisomba samadi na majani makavu hadi lambo, vikaanza kuoza, hewa ya oksijeni majini hupungua. Samaki hufa alfajiri, na wakubwa hutangulia kwa kuwa miili yao inadai hewa nyingi. Kambale hafi kwa namna hiyo. Juu ya mashavu yake ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Anapanda, anameza pumzi, anashuka. Ndiye anayebaki kwenye tope wenzake wakiwa wameshaliwa na ndege. Kwa hiyo hapa vifaranga wa perege wamekufa kwa wingi, na kambale yuko chali pembeni yao. Kukosa hewa hakuwezi kufanya hivyo. Kipimo cha oksijeni tulichokitumbukiza kilisema hivyohivyo.

Mwenyekiti aliposikia tumeondoa hewa kwenye orodha alifurahi upande usio sahihi. "Basi ni sumu. Na aliyeitia tunaye."

Kijana alikuwa ofisi ya kijiji, amekaa sakafuni, mgambo wawili mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na saba hivi. Miezi ya nyuma alishawahi kukutwa akiponda majani ya utupa, na hilo lilitosha. Utupa ni sumu kweli ya samaki. Una kemikali ya sumu iitwayo rotenoni, na wazee wa nchi nyingi za Afrika wameutumia kuvulia tangu zamani. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza kuvua kwa sumu ya aina yoyote. Mtendaji alikuwa ameshaanza kuandika barua ya polisi.

"Shikamoo mama," kijana alisema. "Ningetia mimi, samaki ningewaacha?"

Hoja ilikuwa nzuri, ila mtendaji alitaka ushahidi, na kwake ushahidi ni karatasi ya maabara. Dokta akamwambia maji tutayachota na kuyapeleka, lakini majibu yatachukua majuma, na yakija huenda yasiseme kitu. Kisha akasema jambo ambalo nimelirudia mbele ya wanafunzi wangu mara nyingi: "Maji ni mpita njia, mtendaji. Nataka kuwauliza wenyeji." Akaomba barua isubiri hadi jioni, akaomba na kijana aje nasi, kwa kuwa ndiye aliyejua dimbwi gani kwenye korongo halikauki. Mgambo mmoja alitufuata, kirungu kwapani, bila furaha.

Namna ya kuwauliza wenyeji ni rahisi kuieleza. Unaburuta wavu kwenye dimbwi, unamwaga ulichopata kwenye sinia jeupe lenye maji, unasubiri matope yatulie. Kisha unachagua kwa kibano: watoto wa kereng'ende, mende wa majini, vile vidudu vyembamba vyenye mikia mitatu, konokono, funza wekundu wa tope. Sisi Tanzania tunao mfumo wa kuipa mito alama kwa vidudu vyake, TARISS, uliotokana na ule wa Afrika Kusini. Ujerumani, kule Leipzig, Matthias Liess na wenzake walitengeneza kipimo kinachoitwa SPEAR, kinachowagawa vidudu kwa swali moja: dawa ikipita, nani anadhurika na nani anasalimika? Shida ya Dokta, na ndiyo ilikuwa kiini cha utafiti wake, ni kwamba mifumo hii ilizaliwa kwenye mito inayotiririka. Korongo likikauka miezi minane, wadudu watapotea hata kama hakuna aliyepiga dawa. Na mende anayeruka anaweza kuhamia dimbwi lenye sumu usiku huu, kesho ukamkuta hai ukadhani maji ni salama. Kwa hiyo alikuwa anawaamini zaidi wale wasioweza kuruka bado.

Tulianza mahali korongo linapoingia lambo. Sinia la kwanza: watoto wa kereng'ende, wote wamelegea, hawashtuki ukiwagusa. Vidudu vya mikia mitatu wamekufa. Konokono wazima, wanatambaa kama hakuna msiba. Dimbwi lililofuata, hivyohivyo. Lililofuata, hivyohivyo. Jua la Dodoma baada ya mvua linachoma kuliko la kiangazi, sijui kwa nini hakuna anayelisema hilo. Mgambo alikuwa ameanza kuchungulia sinia kabla yangu.

Utupa uliotiwa lambo hauwezi kupanda korongo. Hilo hata yeye alishaliona.

Tulipita bustani za nyanya, zilizofika hadi ukingoni. Chini ya mti palikuwa na shimo ambamo watu huchanganyia dawa na kuoshea mabomba ya mgongoni, na mvua ya usiku ilikuwa imelijaza hadi likamwagikia korongo. Chupa tupu zilikuwa zimetapakaa. Dokta alisoma lebo, akaniamuru niandike: lambdasihalothrini, profenofosi. Zote mbili ni viuadudu, na ya kwanza mikrogramu zake chache tu kwenye lita moja ya maji huua samaki, na mikrogramu moja ni sehemu ya milioni ya gramu. Binadamu mwili wake huivunja haraka, samaki hawezi.

Tukapanda juu ya bustani ya mwisho, kwenye dimbwi dogo kijana alilotuonyesha nyuma ya mwamba. Nikamwaga wavu. Mtoto wa kereng'ende akakimbia kutoka pembe moja ya sinia hadi nyingine, na mgambo akapiga kelele, "Huyu mzima!"

Jioni mkutano ulikuwa mkali. Kijana aliachiwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Waliokula samaki hawakuumwa, wakasema kama ni sumu mbona sisi tupo. Dokta alilieleza lile la samaki na binadamu mara mbili na sidhani waliridhika. Mama mmoja mwenye bustani alisimama akasema wazi kwamba anapiga dawa kila wiki, anachanganya mbili au tatu, kwa sababu ya kantangaze. Yule mdudu aliingia nchini mwaka 2014 kutoka mbali, asili yake Amerika Kusini, na anamaliza shamba la nyanya huku unaangalia. "Nikiacha kupiga, daktari, ada ya watoto utalipa wewe?" Watu walimpigia makofi, na mimi moyoni nilimpigia pia. Walichokubaliana ni kwamba shimo la kuoshea mabomba lihamishwe mbali na korongo na lisiachwe wazi. Kwa kikao cha jioni moja, nilikiona kitu kikubwa. Dokta alikiona kidogo.

Majibu ya maabara yalikuja kama alivyotabiri: kwenye maji haikuonekana dawa yoyote. Lambdasihalothrini haikai majini, inagandamana na tope baada ya muda mfupi, na tope maabara ile haikuwa inalipima. Mtendaji aliisoma karatasi ile akaiweka kwenye faili bila kusema neno. Kama tungeisubiri, kijana angekuwa ameshapelekwa mahakamani.

Msimu uliofuata tulirudi, na kijana ndiye aliyebeba wavu. Nami nilipandishwa cheo nikawa wa sinia. Perege walikuwa wameanza kuonekana lambo. Kereng'ende wachache. Konokono walikuwa wengi kuliko mwaka wowote kwenye daftari letu, wakiwemo wale wanaobeba kichocho, kwa kuwa dawa ile iliwaacha wazima na kuwamaliza wadudu wanaowala. Mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walichapisha jambo la namna hiyohiyo: konokono wa kichocho huvumilia viuatilifu ambavyo washindani wao hawavivumilii. Sisi wakati ule tulikuwa na lambo moja tu na daftari.

Dokta alihesabu konokono hadi akachoka, akainua uso, akatuona mimi na kijana tumesimama majini, maji magotini, suruali tumezikunja.

"Nyinyi wawili, tokeni humo. Mkavae gamboti."