Taa za karakana yangu ya mpingo, Mikindani

Kilichonifanya nianze kufikiria taa ni vinara vya mishumaa. Nilikuwa nimemkerezea mteja mmoja wa Mtwara mjini vinara kumi na viwili vya mpingo. Nilivipiga msasa usiku wa siku tatu mfululizo mpaka vikawa vinateleza kama sabuni, nikavipaka nta, nikavifunga kwenye magazeti. Mteja alivifungulia barazani kwake saa nne asubuhi. Akachukua kimoja, akakiinamisha kidogo kuelekea nje, akaniuliza, "Fundi, hivi hivi umevimaliza?" Nilipokishika mwenyewe nikaona haya. Mikwaruzo ya msasa ilikuwa imeizunguka shingo ya kinara kama nyuzi za buibui, na vingine vyote vilikuwa hivyo hivyo. Kule karakanani sikuwa nimeona hata mmoja.

Karakana yenyewe ni chumba cha uani, hapa nyumbani Mikindani. Ina mita 3 kwa 4.5, matofali ya saruji yasiyopigwa plasta, bati juu, dari hakuna. Ndani mna benchi lenye jiliwa, msumeno wa mezani, na mashine ya kukereza niliyoiunda kwa mota kuukuu. Mchana nipo kwenye ajira ya watu. Nikirudi nakula, naswali, ndipo naingia, kwa hiyo karibu kazi yangu yote ni ya usiku. Na miaka yote hiyo nilikuwa na globu moja ya wati 100, imening'inia katikati ya chumba kama iko kwenye sebule.

Baada ya aibu ile nilikimbilia dukani nikanunua taa kubwa ya LED ya wati 50, zile zinazofungwa kwenye viwanja na kuta za nje. Nikaifunga juu ya mlango. Chumba kikawaka kweli, majirani wakauliza kama kuna shughuli. Lakini mlango uko nyuma yangu nikisimama kwenye benchi, kwa hiyo kivuli changu mwenyewe kililala juu ya kazi. Nikisogea kushoto, nacho kinasogea. Juu ya mpingo taa ile ilitoa nukta moja nyeupe ya kuumiza macho, na sehemu iliyobaki ikawa nyeusi tii kama mwanzo. Mwanga ulikuwa umeongezeka mara tatu na bado sikuona kitu.

Nikabeba kinara kimoja nikampelekea mjomba wangu, mchongaji wa siku nyingi. Yeye hana hata balbu kwenye kibanda chake. Hukaa chini ya mwembe, mgongo umeelekea kwenye kivuli kizito, upande wake wa kushoto uko wazi. Hakunipa maneno mengi. Alikiinua kinara usawa wa jicho, akakizungusha polepole, na kidole gumba kikawa kinafuata mng'ao unavyopita. Mng'ao ulipopinda, kidole kikasimama. "Hapa una kinundu, mjomba. Na hapa. Huku umekwangua sana." Mimi niliyekikereza nilikuwa sijui.

Njiani kurudi ndipo nilipoelewa. Mbao kama ya mninga au mtiki unauona mwili wake wenyewe, kwa sababu hurudisha mwanga mwingi. Mpingo unaumeza. Unachokiona juu yake, hasa ukishang'arishwa, ni taswira ya kile kinachowaka karibu yake. Taa ikiwa nukta, utaona nukta. Taa ikiwa ndefu, utaona mstari, na mstari ukipita juu ya kinundu utapinda. Mafundi wa bodi za magari wanaijua mbinu hii: hutazama jinsi taswira ya taa ndefu inavyotembea juu ya mlango wa gari walioupiga putti. Kumbe nilichohitaji ni taa ndefu, iliyolala sambamba na mashine. Na kwa kuwa kitu kinachokerezwa ni cha mviringo, mstari ule hautikisiki hata mashine ikizunguka. Naona mawimbi yangu huku patasi iko mkononi, sisubiri kuzima.

Hilo la vinundu. Mikwaruzo ni jambo jingine. Ukipiga msasa mashine ikiwa inazunguka, mikwaruzo nayo huzunguka mti. Taa iliyo juu humulika kwa kufuata mfereji wa mkwaruzo, kama mtu anayetazama shamba akiwa amesimama sawasawa na matuta, haoni matuta. Mwanga lazima uyakate matuta. Kwa hiyo nilihitaji taa ndogo ya pili, imewekwa mwishoni mwa mashine, chini, inamulika kwa kulala kwa urefu wa mti. Siku ya kwanza niliijaribu kwa tochi ya simu tu. Nilizima taa zote, nikailaza simu pale mwisho, na mikwaruzo yote ya mteja wangu ikajitokeza.

Baada ya kujua zikae wapi ndipo nikapiga hesabu ya ngapi. Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na unaofika kwenye kazi kwa luksi. Luksi moja ni lumeni moja juu ya mita moja ya mraba. Kwa karakana kwa jumla luksi 300 zinatosha, kwa kazi ya jicho la karibu 500 hadi 750. Chumba changu ni mita za mraba 13.5, mara 300 unapata lumeni 4,050. Lakini taa hazimwagi zote mezani. Nyingine zinapotelea ukutani na kwenye bati, nyingine zinaliwa na vumbi. Nikachukulia kwamba sehemu sita tu kati ya kumi ndizo zinazofika, nikagawanya kwa 0.6, nikapata 6,750. Tyubu ya LED ya futi nne, wati 18, hutoa kama lumeni 1,800, kwa hiyo nne zinafika 7,200. Nne hizo kwa pamoja ni wati 72, pungufu ya ile globu yangu moja, ambayo nayo ilikuwa ikitoa kama lumeni 1,300 tu. Uniti zote zile za luku nilikuwa napashia moto bati.

Kabla ya taa zenyewe nilipaka chokaa. Kuta za tofali tupu ni za kijivu na hula mwanga vibaya. Mikono miwili ya chokaa, kazi ya Jumapili moja, na chumba kikabadilika kabla sijafunga chochote kipya. Kama huna hela ya taa mwezi huu, anza na chokaa.

Tyubu mbili nilizining'iniza juu ya benchi, mbele kidogo ya kichwa changu, upande wa ukuta, ili kivuli kianguke mgongoni. Moja juu ya msumeno. Ya nne sambamba na mashine ya kukereza, upande wa pili wa mashine, siyo upande niliosimama. Nilizishusha kwa minyororo kutoka kwenye kenchi hadi mita 2.4, kwa sababu balbu ndogo ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga wake unabaki robo. Tyubu hupungua taratibu kuliko hapo, lakini kuifunga juu kabisa chini ya bati ni kuwamulikia panya.

Sasa lile lililonitisha. Tyubu za kwanza nilinunua za bei ya chini kabisa. Jioni ile ile nikafunga kipande cha mpingo cha pembe nne, bado hakijaviringwa, nikawasha mashine. Mota inanguruma, upepo naupata usoni, lakini macho yananiambia mti unarudi nyuma polepole, kama feni iliyozimwa. Kulikuwa na unyuzi wa mbao umenasa kwenye pembe, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kuutoa. Sauti ya mota ndiyo iliyoniokoa.

Nilikuja kuelewa baadaye. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa isiyo na kifaa kizuri cha kuutuliza huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Mota yangu huzunguka mara 1,440 kwa dakika, yaani 24 kwa sekunde. Kati ya mwako mmoja na mwingine mti umeshageuka karibu robo duara, umebakiza kidogo tu. Kwa kuwa una pande nne zinazofanana, jicho linadhani ni upande ule ule, umerudi nyuma kidogo. Tangu siku hiyo siingizi taa karakanani kabla sijaielekezea kamera ya simu. Ikionyesha michirizi myeusi inayotembea kwenye kioo, narudisha. Muuza duka alinicheka mara ya kwanza. Siku hizi ananiwekea kando zile zisizopepesa.

Ile taa ndogo ya mwisho wa mashine nikaamua isitegemee umeme wa ukutani kabisa. Ni balbu ya LED ya volti 12, wati 5, inakula kwenye betri ndogo ya 7Ah (ampea 7 kwa saa moja) inayochajiwa na paneli ya sola juu ya bati. Umeme wa betri haupepesi. Na siku umeme ukikatika huku mashine inazunguka, mota inazimika lakini mti mzito wa mpingo unaendelea kujizungusha kwa muda, patasi iko mkononi, na wewe umo gizani. Taa ile inabaki inawaka.

Sababu hiyo hiyo ilinigombanisha kidogo na fundi umeme. "Kaka, mbona unapoteza waya? Taa na mashine vyote vinapita njia moja, sakiti breka moja." Nikamwambia msumeno ukielemewa ukaangusha breka, na taa zikazimika, nitakuwa nimesimama gizani mbele ya meno yanayozunguka. Akanyamaza, akakata waya. Taa zina waya wake wa milimita za mraba 1.5 na breka yake, soketi za mashine zina wa 2.5 na breka yake. Gharama ya ziada haikufika elfu thelathini.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Madukani nyingi ni zile za 6500K, nyeupe inayoelekea buluu (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, kikipanda mwanga unaelekea buluu). Mimi nilitafuta za 4000K, na ile ndogo ya CRI 90, yaani inayoonyesha rangi karibu na zilivyo hasa, kwa sababu mpingo si mweusi wote. Una mistari ya kahawia, na wateja wengine wanaitaka, wengine hawaitaki. Chini ya taa ya buluu mistari hiyo hupotea.

Dirisha ndilo lililonisumbua zaidi ya taa. Nilikuwa nimesikia kwa mafundi wa Ulaya kwamba dirisha la karakana lielekee kaskazini, huko mwanga hautikisiki. Karibu nibomoe ukuta wa kaskazini. Kisha nikakumbuka kwamba sisi tuko kusini ya ikweta, kama nyuzi 10. Mwezi wa sita na wa saba jua letu la mchana liko kaskazini, na dirisha la huko lingeniletea mwale mkali benchini. Nikatoboa kusini. Desemba jua huhamia kusini lakini huwa karibu utosini, na upenu wa sentimita sitini unalizuia, isipokuwa mwale mwembamba wa asubuhi na jioni. Ubaya wake ni kusi. Kuanzia Aprili upepo unaingia moja kwa moja na kunirudishia vumbi lote usoni, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili nakereza nimevaa barakoa, na kila Ijumaa nafuta tyubu kwa kitambaa kikavu.

Vinara vile nilivirudia vyote kumi na viwili bila malipo. Mteja akavipeleka tena barazani, akaviinamisha kimoja kimoja, akalipa deni lililobaki.

Bado kuna mambo. Msimu wa mvua kumbikumbi huvamia tyubu mpaka nazima zote nabaki na ile ya betri. Na rafu ya nyuma ya mlango, ninapoweka misasa na nta, nilisahau kuihesabu. Iko kwenye kivuli cha kabati. Tyubu ya tano itasubiri hela za korosho. Kwa sasa nikitafuta msasa namba 400 naibana simu mdomoni.