Omba hati kwa jina lake

Barua nyingi za kuomba habari kwenye ofisi za umma nchini Kenya hukwama mstari wa kwanza. "Naomba taarifa zote kuhusu ujenzi wa soko." Ofisa hajui aanzie faili lipi, na yule asiyetaka kujibu ameshapewa kisingizio. Andika badala yake: "Naomba nakala ya mkataba wa zabuni nambari fulani, vocha za malipo, na cheti cha kukamilika kwa kazi." Hapo hati ama ipo ama haipo, na majibu yote mawili yanafaa kuandikwa.

Utalijuaje jina la hati hujaiona? Kwa mambo ya kaunti, anzia ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30 na Katiba inampa miezi sita kuikamilisha. Serikali ya kaunti ina ripoti yake, na bunge la kaunti lina yake. Hakikisha umeshika inayokuhusu. Ruka kurasa za majedwali uende kwenye hoja za ukaguzi. Hapo utakuta kiasi, mradi, na mara nyingi karatasi ambayo mkaguzi aliiomba asipewe. Karatasi hiyo ndiyo unayoiandikia barua.

Ila hoja ya ukaguzi si wizi. Mkaguzi akisema matumizi ya shilingi milioni 40 hayakuthibitishwa, amesema hakuonyeshwa stakabadhi, basi. Huenda zililetwa baadaye mbele ya kamati ya Seneti. Uliza kwanza kabla ya kuchapisha, au ujiandae kupokea barua ya wakili.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, wala huhitaji kueleza unaitakia nini. Ofisi ina siku 21 za kuamua, au saa 48 ikiwa habari inagusa uhai au uhuru wa mtu. Inaweza kujiongezea muda mara moja, usiozidi siku 14. Ada ni gharama ya kunakili na kukufikishia tu. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Commission on Administrative Justice, tume inayojulikana pia kama Ombudsman. Chapisha barua nakala mbili, uache moja, ya pili igongwe muhuri wenye tarehe. Bila muhuri huo, siku 21 zako hazina mwanzo na malalamiko yako hayana mguu.

Wanaodhani sheria hii ni pambo waisome hukumu ya Mei 2022 ya Mahakama Kuu ya Mombasa kuhusu mikataba ya reli ya SGR. Wanaharakati wawili waliomba mikataba, wakapuuzwa, wakaenda mahakamani. Jaji John Mativo akaamuru itolewe, na Novemba mwaka huohuo waziri wa uchukuzi akaweka sehemu yake hadharani.

Ardhi ya Pwani ina mambo yake, na hapa ndipo wageni hupotelea. Rejista hutafutwa kwa nambari ya kiwanja, si kwa jina la mtu. Kisiwani utakutana na Block na tarakimu za Kirumi. Ng'ambo ya Nyali na Bamburi ni MN (Mainland North, bara ya kaskazini), Likoni ni MS (Mainland South, bara ya kusini), na hati nyingi zina pia nambari ya C.R., ya rejista ya Pwani. Kiwanja kikigawanywa, vipande hupata nambari mpya, na ya zamani huandikwa kwenye mabano. Usiidharau hiyo ya mabano, maana ndiyo itakayokurudisha kwa mwenye shamba la asili.

Halafu kuna nyumba bila ardhi. Mitaa kama Majengo, mtu anamiliki nyumba aliyoijenga na kuilipia kodi ya uwanja, lakini udongo ni wa mwingine. Rejista inamtambua mwenye udongo peke yake. Ukiandika kwamba jengo ni la fulani kwa kuwa jina lake limo kwenye rejista, huenda umemnyang'anya mwenye nyumba mali yake gazetini. Nenda mtaani uulize nani hupokea kodi ya uwanja na nani huandika risiti.

Hukumu ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Zisome kwa ajili ya viambatisho pia: barua, leseni na ripoti za maabara hutajwa kwa tarehe, nawe unaziomba kwa tarehe hiyohiyo. Kosa kubwa ni kuishia hukumu ya kwanza. Kesi ya wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa na sumu ya madini ya risasi (lead), ilipata fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Aliyesoma moja tu kati ya hizo ana habari iliyopinda. Tafuta jina la kesi katika mahakama zote tatu.

Kampuni utaiangalia kwa CR12, hati ya msajili wa kampuni, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen: wakurugenzi, wenye hisa na idadi ya hisa. Inaonyesha hali ya siku ulipoiomba, ilhali unachotaka ni siku zabuni ilipotolewa, kwa hiyo omba pia kumbukumbu za mabadiliko ya wakurugenzi. Na majina ya huku yanajirudia. Ali Mohamed Said na Mohamed Said Ali wanaweza kuwa mtu na babake. Linganisha nambari za vitambulisho, lakini zifute kabla ya kuchapisha nakala, pamoja na simu na anwani za nyumbani.