Picha nzito? Anza na vipimo kwanza

Watu wengi wakiona picha ni nzito, yaani faili lake ni kubwa, wanakimbilia kushusha ubora, mi nasema anza na vipimo, yaani upana na urefu wake. Picha ya 4000 kwa 3000 ina pikseli (vidoti vidogo vinavyounda picha) milioni 12, na kila pikseli kwa kawaida inabeba baiti 3 za rangi, yaani ikiwa ghafi ni megabaiti 36 hivi, JPEG (aina ya faili la picha) ndo inaibana mpaka zinabaki megabaiti chache tu. Sasa ukipunguza upana na urefu nusu nusu, pikseli zinabaki robo, milioni 3, na kwenye skrini ya simu ni ngumu sana mtu kuona tofauti!

Ukimaliza hapo ndo uguse ubora, 80 hivi kati ya 100 inatosha kabisa. Ila jamani msihariri na kusevu JPEG ileile tena na tena, kila ukisevu inapoteza kitu na hakirudi, tunza orijino pembeni.

PNG, aina nyingine ya faili la picha, haipotezi chochote ukisevu, safi kwa skrinshoti na logo, lakini picha za kamera inazifanya nzito bure. WebP, nayo ni aina ya faili la picha, ndo naipenda zaidi, ubora uleule na faili mara nyingi linakuwa dogo kuliko la JPEG.